Umeambiwa una vivimbe maji kwenye shingo ya kizazi? Namna ya kujitunza kila siku, hatua kwa hatua

Jumamosi nimepigiwa simu tena saa tano usiku, dada mmoja analia, ameweka kitunguu swaumu huko chini tangu jana yake na sasa hakitoki na panaungua. Sababu ni nini? Karatasi ya ultrasaundi imeandika ana vivimbe maji kwenye shingo ya kizazi, na jirani kamwambia swaumu inaviyeyusha. Huyu siyo wa kwanza wala wa kumi.

Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mbeya, upande wa Uyole, na hivyo vivimbe ninavyo mwenyewe tangu mtoto wangu wa pili. Kila nikikaa na wamama naona tunafeli pale pale. Daktari anasema "hivyo viache, havina shida", sisi tunaona kuambiwa viache ni kama kufukuzwa, basi tunatoka pale tunaenda kutafuta cha kufanya, na tukikitafuta tunakipata kwa muuza dawa. Kwahiyo leo naandika vya kufanya, maana vipo kweli, ila karibu vyote ni vya nje ya uke au vya kwenye daftari.

## Andaa hivi kabla hujaanza

- Karatasi yako ya majibu, ile yenyewe, siyo ulivyosimuliwa
- Daftari dogo la kurasa chache na kalamu, au kalenda ya ukutani
- Chupi za pamba tano au sita
- Pedi, au vitambaa vya pamba vya kwako peke yako
- Pasi, hata ya mkaa
- Beseni lako ambalo halifuliwi nepi wala halioshewi vyombo
- Sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali
- Chupa ya maji ya moto kwa siku za hedhi
- Namba ya nesi mmoja wa kituo chako unayeweza kumuuliza bila aibu

Hapo hujaona dawa hata moja na sijasahau. Hamna dawa ya kunywa inayoyeyusha hivi vivimbe na hamna chakula kinachovipunguza.

## Hatua ya 1: Soma karatasi, ujue una nini hasa

Hapa ndo wengi wanapotea. "Una uvimbe" inaweza kuwa vitu vitano tofauti. Uvimbe maji wa kwenye ovari ni mwingine, upo juu pembeni. Mayoma ni nyama inayoota kwenye kizazi chenyewe. Kinyama kinachoning'inia kwenye mlango wa kizazi ni kingine. Jipu au uvimbe wa pembeni mwa mdomo wa uke, ule unaougusa kwa nje ukikaa unauma, nao ni mwingine kabisa.

Hivi ninavyoongelea vinakaa kwenye shingo ya kizazi, ile sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inayochungulia ukeni, wengine wanaiita mlango wa kizazi. Kwenye karatasi tafuta neno nabothian. Likiwepo, mwongozo huu ni wako. Kama halipo, au limeandikwa pamoja na maneno mengine usiyoyaelewa, rudi kwa aliyekupima akusomee kwa Kiswahili, ni haki yako, na usitoke mpaka umeelewa.

Vinatokeaje? Shingo ya kizazi ina vitezi vidogo vinavyotoa ute. Baada ya kuzaa, au baada ya uchochezi wa muda, ngozi mpya inaota na kufunika mdomo wa kitezi, ute unakosa pa kutokea, unajikusanya ndani, kinakuwa kama kipele chenye maji, cheupe au cha njano kidogo. Vingi ni vya milimita chache tu, ingawa mara moja moja kimoja kinaweza kufika sentimita kadhaa. Wengi hatuvisikii kabisa, tunakuja kuvijua siku ya kupimwa kitu kingine. Siyo saratani na havigeuki kuwa saratani, hukuambukizwa na mumeo wala hutamwambukiza, na kwa kawaida havizuii mimba. Mi wangu wa tatu nimembeba navyo na nikajifungua kawaida.

Halafu kuna wale wa kambi za vipimo stendi na sokoni, unashikishwa kachuma mkononi dakika moja kompyuta inasema una uvimbe kwenye kizazi. Kachuma ka mkononi hakaoni shingo ya kizazi, mwaya. Inaonekana kwa macho ya mtaalamu akitumia kile kifaa cha mdomo wa bata, au kwa ultrasaundi. Kama "jibu" lako limetoka kwenye kachuma, bado huna jibu.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumwambia mtu kwa sentensi moja kivimbe chako kiko wapi na nani alikiona.

## Hatua ya 2: Toa kila kinachoingia ukeni

Hii ndo hatua ngumu na ndo wengi wanarudi nyuma, kwahiyo nakaa hapa kidogo.

Kusanya vyote uviweke mezani: kitunguu swaumu, ndimu, siki, asali, shabu, maji ya chumvi, Dettol, vile vifuko vya mitishamba vyenye kamba, "pedi za dawa", sabuni ya maji ya kuoshea ndani, majani ya kujifukiza. Sasa vinavyoliwa rudisha jikoni, vingine tupa.

Sababu ni kwamba uke unajisafisha wenyewe. Mle ndani kuna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ndogo, na hiyo asidi ndo mlinzi wa geti. Ukimwaga sabuni au maji ya chumvi ndani unamfukuza mlinzi, wanaingia wa harufu, unaanza kutoa maji yenye shombo ya samaki, unasema "unaona, vivimbe vinatoa uchafu", unaongeza dawa. Ni mzunguko huo huo kila mwezi. Kivimbe chenyewe kipo kimya, kinachokusumbua ni dawa ya kukitibu.

Ndimu, siki na swaumu zinaunguza kabisa, ngozi ya mle ni laini kama ya mdomoni. Wewe ungekaa na punje ya swaumu mbichi chini ya ulimi usiku kucha? Na sehemu iliyochubuka ni rahisi kupitisha maambukizi, VVU ikiwemo.

Kujifukiza nako, najua huku kwetu Juni ikifika na ile baridi, kukalia sufuria la majani ya moto unajisikia vizuri mwilini. Ila mvuke haufiki kwenye shingo ya kizazi, unaishia kuunguza mashavu ya uke. Nimeshampeleka mama mmoja kituoni ana malengelenge mapajani hawezi kutembea. Na kama ni jiko la mkaa ndani ya chumba kimefungwa, hiyo ni hatari nyingine tena, hewa ya mkaa inaua mtu amelala.

Mi mwenyewe nimeliwa, nisijifanye mjanja. Mwaka ule naambiwa ninavyo nilinunua vifuko vya "kusafisha kizazi" kwa wakala mmoja, laki na themanini, hela ya mbegu za viazi. Siku ya tatu vikatoka vipande vyeupe kama ngozi, wakala akanipigia kwa furaha, "unaona uvimbe unatoka!" Nilipokuja kupimwa nikaambiwa ile ilikuwa ngozi yangu ya uke iliyobanduka kwa ile dawa, na vivimbe vipo pale pale vyote. Viazi msimu ule nilipanda nusu shamba.

Angalia hapa: kama nesi au daktari amekupima akakuandikia kidonge cha kuweka ukeni kwa ajili ya fangasi au maambukizi, hiyo tumia mpaka imalize dozi. Ninayokataza ni ya kujiandikia, na hapo naweka pia antibayotiki za kununua dukani "za kukausha uvimbe". Kivimbe hiki ni ute uliofungiwa, antibayotiki haina cha kuua mle.

Umefaulu ukiona: wiki mbili tatu zimepita hujaingiza kitu, muwasho na ule ukavu wa kuunguza umeisha. Kama hujaweka kitu na bado kunawasha au kunanuka, usirudi kwenye swaumu, nenda ukapimwe, hayo yanaweza kuwa maambukizi na yana dawa yake.

## Hatua ya 3: Kunawa

Fupi hii. Maji safi ya uvuguvugu, mkono uliooshwa, nawa nje tu, mbele kwenda nyuma. Mara moja au mbili kwa siku inatosha hata ukiwa hedhini. Sabuni kidogo kwenye mapaja na nywele, usiipeleke ndani ya mashavu. Ukitoka haja kubwa futa kwenda nyuma, siyo kuja mbele. Basi.

Na usijichokonoe kwa kidole kila asubuhi kuangalia kama kivimbe kimekua. Shingo ya kizazi yenyewe ni ngumu ngumu kama ncha ya pua, utaigusa uite uvimbe, utaharibu siku yako yote.

## Hatua ya 4: Nguo, vitambaa na baridi ya nyanda za juu

Huku kuna shida ambayo wa Dar hawana. Kuanzia Juni mpaka Agosti, Uyole, Makete, Njombe, Mafinga, tunavaa taiti mbili, suruali na sketi juu, na ile taiti ya nailoni unalala nayo. Jasho linakaa, fangasi wanashukuru. Vaa chupi ya pamba ndani, taiti ivae juu yake, badilisha kila siku, na usiku lala bila chupi chini ya kanga na blanketi nzito.

Vitambaa vya hedhi: wengi tunavianika chini ya kitanda au nyuma ya mlango kwa aibu, na Tukuyu kwenye mvua zile havikauki siku tatu. Kitambaa chenye unyevu kinaota ukungu. Anika juani, funika kwa kanga nyepesi kama unaona haya, na siku hamna jua piga pasi ya moto pande zote mbili mpaka kisikike kikavu kabisa. Pedi au kitambaa badilisha kila baada ya masaa manne mpaka sita, hata kama hakijajaa.

Tumbo la hedhi likikaza, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo, juu ya kitovu kwenda chini, dakika ishirini. Hiyo ni kwa ajili ya hedhi, siyo ya kuyeyusha kivimbe, msije mkanisingizia.

## Hatua ya 5: Daftari

Kama utafanya hatua moja tu baada ya ile ya pili, fanya hii. Kila siku mstari mmoja, usizidishe:

tarehe, damu (hamna / matone / ya kawaida / nyingi), ute (rangi, harufu), maumivu, tendo.

Kwanini? Kwa sababu ute wa mwanamke unabadilika mwezi mzima na asiyeujua wake kila siku anaumwa. Baada ya hedhi unakuwa mkavu kidogo, alafu unakuja mweupe kama losheni, katikati ya mwezi unakuwa mwingi, wa kuvutika kama ute wa yai, kisha unarudi kuwa mzito. Ukikauka kwenye chupi unaweza kuacha rangi ya njano hafifu. Yote hayo ni kawaida yako, siyo "maji ya uvimbe".

Usio wa kawaida unaonekana hivi: wenye shombo ya samaki, au mweupe mabonge mabonge kama maziwa mgando na unawasha, au wa kijani au njano wenye povu, au wa majimaji yenye damu na harufu mbaya. Hayo hayatoki kwenye kivimbe, yana chanzo chake na yanahitaji kupimwa.

Mara chache kivimbe kinaweza kupasuka chenyewe, unaona ute mzito umetoka kwa mkupuo, pengine na kadoa ka damu. Kikitokea andika tarehe, vaa pedi, usioshe ndani. Ute ukiisha siku hiyo au kesho yake sawa, ila ukiendelea kutoka au ukanuka nenda kituoni.

Kosa ninaloliona ni mtu kuandika wiki ya kwanza kwa bidii alafu anaacha kwa sababu "hamna kitu cha kuandika". Andika hamna. Hayo mahamna hamna ndo nesi anayataka, maana siku ukiandika "matone baada ya tendo, mara ya pili mwezi huu" litaonekana mara moja, kuliko kukaa mbele yake unasema ilikuwa sijui lini, kama wakati wa kuvuna mahindi hivi.

Umefaulu: miezi mitatu imejaa, na wewe mwenyewe unaweza kutabiri wiki ijayo utakuwaje.

## Hatua ya 6: Kapime saratani ya mlango wa kizazi, hata kama vivimbe havina shida

Hapa naomba unielewe. Nimesema vivimbe havigeuki saratani. Lakini vinaishi jirani na mahali ambapo saratani huanzia, na saratani ya mlango wa kizazi ndo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mtu anaambiwa "hivyo ni vivimbe tu", anafurahi, anaona ameshapimwa. Hujapimwa! Ultrasaundi siyo kipimo cha hiyo saratani.

Kwa Tanzania walengwa wakubwa ni wanawake wa miaka 30 mpaka 50, na wanaoishi na VVU wanaanza mapema zaidi na wanapima mara nyingi zaidi, uliza CTC yako, ile kliniki ya VVU. Kwenye vituo vingi vya serikali kipimo hakilipiwi, anza na kituo cha afya kilicho karibu, kama hawana watakuelekeza. Kwa Mbeya mjini kuna pia hospitali ya wazazi Meta.

Maandalizi: siku mbili kabla usifanye tendo na usiweke kitu chochote ukeni, usiende ukiwa hedhini, vaa sketi au gauni, itakurahisishia. Na beba daftari.

Ukifika unalala, unakunja magoti, kinaingia kile kifaa cha mdomo wa bata. Kinabana na ni cha baridi lakini ukilegeza makalio na kupumua taratibu hakiumi sana. Wanapaka maji fulani kama siki, wanasubiri kama dakika moja, wanaangalia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Unaweza kusikia kama kuchoma kidogo. Dakika chache umemaliza. Siku hizi kuna kipimo pia cha HPV, kirusi chenyewe kinacholeta hiyo saratani, kwa kijiti laini, sehemu nyingine wanakupa ujichukulie mwenyewe.

Mwambie anayekupima kabla: "nina vivimbe maji, nimeshaambiwa". Akiviona atakueleza vilivyo, na wewe hutashtuka akimuita mwenzie aje aangalie, mi waliniitia watu watatu nikajua nimeshakufa, kumbe wanafunzi.

Majibu yakiwa mazuri, kwa kipimo cha siki unarudi baada ya miaka mitatu, au watakavyokupangia. Ikionekana sehemu nyeupe siyo lazima iwe saratani, mara nyingi ni mabadiliko ya awali na yanatibiwa kwa kugandishwa au kuchomwa, pengine siku hiyo hiyo. Ukiambiwa rudi, rudi. Nauli ya kutoka Chunya au Makete ni kubwa najua, pangeni wawili watatu mje pamoja.

Ukiwa na binti wa miaka 9 mpaka 14, chanjo ya HPV ipo nchini tangu 2018 na kuanzia 2024 ni dozi moja tu. Uliza hapo hapo kituoni.

## Hatua ya 7: Chumbani

Tendo la ndoa haliharibu vivimbe na vivimbe haviharibu tendo. Ukiumia ndani kila mara, au ukitoka damu baada ya tendo, usisingizie kivimbe, nenda ukaangaliwe. Kondomu inasaidia kwa magonjwa mengine na inapunguza HPV ingawa haizuii yote. Mume mwambie mapema na umwonyeshe karatasi, maana akisikia kwa shangazi yake "mkeo ana uvimbe wa kizazi" atakuja na maswali mengine.

## Kama daktari ameamua kukitoa

Inatokea kwa wachache: kimekuwa kikubwa, kinasukuma, kinaziba wasione mlango vizuri, au hawana uhakika ni nini wanataka kupima nyama. Wanakitoboa au kukichoma, hospitali, siyo nyumbani kwa mtu.

Ukirudi tegemea kutoka majimaji kwa wiki kadhaa, pengine yana damu kidogo. Vaa pedi, usiweke kitu ukeni, usifanye tendo kwa muda watakaokupa, kwa waliochomwa au kugandishwa kawaida ni wiki nne. Ndoo kubwa za maji na magunia waachie wengine siku za mwanzo. Homa, harufu kali, au damu ya mabonge, rudi siku hiyo hiyo. Na vivimbe vingine vinaweza kuota tena baadaye, ikitokea haina maana walikosea.

## Usisubiri daftari lijae, nenda leo, ukiona:

- Damu baada ya tendo, au katikati ya mwezi, au ulishakoma hedhi na inarudi hata tone
- Unajaza pedi nzima kwa saa moja, saa mbili mfululizo
- Maumivu makali chini ya kitovu pamoja na homa
- Majimaji yenye damu na harufu mbaya yasiyoisha
- Una mimba na unatoka damu
- Mguu mmoja unavimba, kiuno kinauma hakitulii, na unakonda bila sababu

Kuhusu damu nyingi, mtu anayemwaga kila mwezi anaishiwa damu, na sisi wa Rungwe na Mufindi tunakunywa chai na kila mlo. Chai inapunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Kula maharage yako na mboga za majani, dagaa, parachichi likiwepo, alafu chai subiri lisaa. Ila chakula hakimalizi kinachokutoa damu, kapimwe kwanza.

Ukirudi kutoka kupima, karatasi zote, ya ultrasaundi na ya kipimo cha siki, ziweke kwenye ule mfuko wa nailoni wenye kadi za kliniki za watoto, maana ule haupotei kwenye nyumba yoyote. Tarehe ya kurudi iandike kwenye jalada la daftari, kwa kalamu nyekundu, na mwambie mtoto mkubwa iko wapi.